Bluu ya Kufulia Kwenye Bomba la Levolosi

Nyinyi mnaoanza ufundi bomba siku hizi mna bahati ambayo hamtaijua mpaka mstaafu kama mimi. Bomba zenu za plastiki zinakatika kwa msumeno mdogo, na mnazungushia tepu nyeupe kwenye nyuzi, mnakaza, mnaondoka mkipiga mluzi. Sisi tulifunga kwa katani na rangi ya mafuta. Katani ukiikaza vizuri ilikaa miaka. Ukiikaza vibaya ilikaa mpaka umefika kona ya barabara, ndipo unasikia jina lako linaitwa, na si kwa heshima.

Mwalimu wangu alikuwa Fundi Zakaria, Mlutheri wa Machame, aliyeimba besi kanisani Jumapili na kutukana kwa besi ileile kuanzia Jumatatu. Mikono yake ilikuwa mikubwa kiasi kwamba spana ilionekana kama kijiko cha chai. Ndiye aliyenifundisha kuhesabu kila kitu mara mbili, ninapoingia kwa mteja na ninapotoka. Spana, msumeno, soketi, matambara, hata vipande vya katani. Watu walidhani ni ubahili. Ubahili upo, sikatai, lakini kisa chenyewe ni kofia.

Tulikuwa tunafunga bomba kwenye nyumba ya wageni moja hapa mjini. Valvu ya mwenye nyumba ilikuwa imechoka, haifungi mpaka mwisho, maji yanachuruzika usoni mwetu tukiwa kazini. Fundi Zakaria akavua kofia yake, akaikunja, akaichomeka kwenye mdomo wa bomba ili tupate kupumua. Tukafunga soketi, tukakaza, tukapanguza jasho. Mwenye nyumba akafungua koki ya ghorofani: kimya. Akafungua ya jikoni: kimya. Tukasema ni hewa. Tukasema ni kutu. Tukataka kusema ni wachawi, ila mwenye nyumba alikuwa mzee wa kanisa. Tulipofungua upya, kofia ikatoka yenyewe, imelowa, safi kuliko ilivyowahi kuwa tangu aivae. Fundi Zakaria aliichukua, akaikamua, akaivaa, akamgeukia mwenye nyumba na uso wa hakimu.

"Kulikuwa na kizuizi," akasema.

Tangu siku hiyo tukahesabu. Mara ya kwanza kwa macho, mara ya pili kwa kugusa, kwa sababu macho hudhani yameona.

Kitu kingine alichonifundisha ni bluu, ile ya unga wanayotia akina mama kwenye maji ya kusuuzia shuka nyeupe. Mteja akilalamika kwamba mita inazunguka na hakuna koki iliyofunguliwa, msianze kumchimbia ukuta. Nendeni chooni. Tieni bluu kidogo kwenye tangi la kuvutia maji, mwambieni kila mtu asivute, kisha ombeni chai. Mkirudi mkakuta maji ya kwenye bakuli la choo yamekuwa bluu, mvujo umepatikana, na chai mmekunywa. Fundi Zakaria alisema mwenye nyumba anaweza kubishana na fundi asubuhi mpaka jioni, ila hajaona wa kubishana na rangi.

Basi, ikaja ruksa, biashara ikaachiwa huria. Nyinyi hamkuona dunia ya kabla ya ruksa, wakati koki moja ilitafutwa kwa barua na kujuana. Ghafla maduka yakajaa. Koki zikapangwa madirishani zinang'aa kama meno ya mchumba. Tatizo la koki za zamani lilikuwa hazipatikani. Tatizo la koki za ruksa lilikuwa hazikai. Na ruksa ilipoingia madukani, sisi tuliokuwa tumeajiriwa tukaanza kupunguzwa. Nikapewa mkono wa kwaheri, nikahesabu vifaa vyangu mara mbili, nikawa fundi wa mtaani.

Hapo ndipo nilipokutana na kisima cha Mama Aikande.

Mtaa wa Levolosi wakati ule, kama sasa, nyumba zimebanana hata jirani akikohoa unampa pole. Kichochoro kimoja, wakaaji wenyewe walikuwa wamejivutia bomba lao la chuma kutoka barabarani, linateremka nyumba kwa nyumba mpaka ya mwisho. Nyumba ya kwanza juu ilikuwa ya Mama Aikande, mama wa Kirombo aliyekuja Arusha na mfuko wa maharage na sasa alikuwa na mbuzi, bustani ya mchicha na vijana wake wawili waliokuwa wanaosha magari. Magari yenyewe yalikuwa yale yaliyotumika Ujapani, yaliyofurika mjini baada ya ruksa, kila mwenye nalo anataka ling'ae ili lisahau lilikotoka.

Nyumba ya mwisho chini alipanga Naserian, binti wa Kiarusha kutoka magharibi ya mlima, aliyekuwa akiuza maziwa. Alikuwa na mtoto mmoja, Lomayani, ambaye wakati nilipomwona mara ya kwanza alikuwa amelazwa mgongoni kwa mama yake kama nguo iliyosahaulika kuanuliwa.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Bomba lina nini?"

"Bomba halina nguvu. Na mtoto anaharisha. Anapona, anaharisha tena. Hospitali wameniuliza anakunywa maji gani. Nimesema ya bomba. Daktari akasema basi si maji." Akamrekebisha mtoto mgongoni. "Mimi nasema ni maji. Nyumba nne hizi za chini wote tumbo linawauma. Ukiniambia si maji, namrudisha kwa bibi yake akanywe ya mtoni, huku mimi nitakaa bila mtoto."

Nikafuata bomba kwa miguu, kutoka chini kwenda juu. Hiyo ndiyo kanuni, vijana: msimuulize mtu bomba linapita wapi, tembeeni nalo. Nilipofika mbele ya Mama Aikande nikakuta limepasuka, na mpasuko wenyewe umefunguliwa duka. Palikuwa pamechimbwa shimo pana, bomba limelala chini yake, maji yanabubujika mpaka juu, ndoo zinachotwa. Upande mmoja gari linaoshwa na povu linarudi shimoni. Upande mwingine mbuzi wanakunywa, na mbuzi akishashiba mnajua anavyoshukuru. Juu ya mti wa uzio kulikuwa na kibao: KISIMA. GARI SAFI HAPA.

"Mama Aikande, hili bomba limepasuka."

"Hilo si bomba, Baba Neema. Hicho ni kisima."

"Kisima kina chuma ndani?"

"Kila mtu na kisima chake."

Nikaliziba. Nilikuwa na haraka, nikafunga kwa vipande vya mpira wa baiskeli, kama tulivyozoea sote, mpaka bomba likanenepa kama mguu wenye bandeji. Kesho yake kisima kilikuwa kimejaa. "Mpira wako umefunguka wenyewe," akaniambia Mama Aikande, na mwanawe mkubwa akiwa amesimama nyuma yake anafungia ndoo mpini kwa mpira wangu. Nikafunga tena. Ukafunguka tena wenyewe, na safari hii hata fundo ulilifungua vizuri, bila kukata.

Nikaamua kuzungumza. Mimi sokoni hushindwa na wachache, lakini yule mama alikuwa amezaliwa na mizani mkononi.

"Kwetu Akheri," nikamwambia, "mfereji una utaratibu. Watu wanachota juu, ng'ombe wananyweshwa chini yao, nguo zinafuliwa chini ya ng'ombe. Anayegeuza huo mpango analipa mbuzi, na wazee wanamla mbele yake."

"Hapa si Akheri. Na mimi ninao mbuzi, ila wazee wako siwaoni."

"Nyumba za chini wanaumwa."

"Baba Neema, angalia kwa macho yako. Maji yanafanya nini hapo?"

"Yanatoka."

"Yanatoka! Sasa kitu kinachotoka kinaingizaje uchafu? Mlango ambao watu wanatoka mbio, wewe ungeweza kuingia?"

Hapo aliniweza. Vijana wake wakacheka, dereva aliyekuwa anaoshewa gari akacheka, nikaona hata mbuzi mmoja ananitazama. Na ukweli ni kwamba kichochoro kizima kiliamini hivyohivyo, hata wale walioumwa. Bomba lenye tundu linapoteza maji, basi. Uchafu utatoka huko mlimani.

Sasa sikilizeni vizuri, maana hii haiko kwenye mfuko wa vifaa. Bomba lenye tundu hutoa maji yakiwa na nguvu. Yakifungwa, linanyonya. Na Levolosi kulikuwa na mgao: maji yanakatwa asubuhi, yanarudi mchana. Maji yakikatwa, kila nyumba ilifanya nini? Ilifungua koki na kuiacha wazi, ndoo tupu chini yake, ili maji yakirudi ndoo ilie na mwenyewe asikie popote alipo. Mlango kwa mlango, koki zote za chini zimekodoa macho. Yaliyobaki bombani yanateremka na kutokea huko chini, na nyuma yake bomba linavuta kinacholijia, yaani kisima cha Mama Aikande, pamoja na sabuni, oili na shukrani za mbuzi. Kisha maji mapya yakirudi yanausukuma mchanganyiko wote kwenye ndoo. Na ile ndoo ya kwanza ndiyo iliyotengwa kwa kunywa, kwa sababu baadaye kila mtu akishafungua yanabaki machozi.

Niliyajua hayo, lakini ningeyasema nani angenisikiliza? Nikamkumbuka Fundi Zakaria na chai yake.

Nikaenda kwa Mangi wa duka la kona.

"Nipe bluu."

"Pakiti ngapi?"

"Ulizonazo."

Akanitazama shati. Lilikuwa la kaki. "Baba Neema, unafulia hoteli?"

"Nafulia mtaa. Ukiniuzia zote utanipunguzia?"

"Nitakuongezea kiberiti."

Tukavutana mpaka kiberiti kikawa viwili. Kisha nikateremka kwa Naserian, nikamwambia kitu kimoja: leo maji yakirudi, ndoo ya kwanza asimpe mtoto na wala asiimwage, aitazame tu. Akaniuliza atazame nini. Nikamwambia akikiona atakijua. Nyumba nyingine za chini nikawaambia vivyohivyo, wakanijibu kwamba sasa fundi ameanza uganga.

Mgao ulipokata, nikapanda kisimani. Vijana wa Mama Aikande walikuwa wamekwenda kula. Nikamimina pakiti zote, nikakoroga kwa fimbo, kisima kikawa kizuri hata mimi nikakitamani. Mbuzi walifika, wakanusa, wakaondoka. Mbuzi ana akili kuliko tunavyompa.

Kitu ambacho sikuwa nacho kwenye hesabu ni jumuiya. Siku hiyo Mama Aikande alikuwa anawakaribisha akina mama wenzake wa kanisa nyumbani kwake kwa sala, na baada ya sala chakula. Nilijua tu nilipowaona wanapita kichochoroni kwa vitenge vya sare, wakiniamkia, nami nimesimama kwenye kivuli cha ukuta nikijifanya nasubiri mtu. Nikafikiri kuondoka. Nikafikiri pia kwamba bluu iliyokwishaingia bombani haina njia ya kuitwa nyuma.

Maji yakarudi. Kichochoro kizima ndoo zikalia. Kutoka jikoni kwa Mama Aikande, ambako bomba lilichepukia chini kidogo ya mpasuko, na ndizi zilikuwa zimekwishamenywa na kuwekwa kwenye sufuria chini ya koki zingojee maji, nikasikia sauti ya mwanamke mmoja: "Ee Bwana wangu!" Halafu ya pili. Halafu sala zikarudi bila kupangwa.

Nikaingia. Nisingeingia ningekuwa mwoga, na pia nilitaka kuona. Ndizi zilikuwa zinaelea kwenye maji ya rangi ya sare ya shule. Akina mama wamezunguka sufuria wakiwa wameshika vifua. Mama Aikande ameshika mwiko kama rungu.

"Baba Neema! Njoo uone. Huko mlimani wamemwaga nini?"

Kabla sijajibu, Naserian akaingia mlangoni. Lomayani mgongoni, ndoo kichwani, amekuja mbio akifuata vilio, lakini hata tone halijamwagika. Akaitua ndoo kando ya sufuria. Bluu ileile. Nyuma yake jirani mmoja na jagi lake, bluu. Mama mmoja wa jumuiya akatazama dirishani, akaona shimo la mbele ya nyumba, akasema taratibu, "Mama Aikande, hata kisima chako."

Mama Aikande akatoka nje. Akasimama juu ya kisima chake. Akageuka akaniona nimeshika karatasi za bluu zilizokunjwa mkononi. Nilikuwa nimezihesabu nisiache hata moja ikachafua, na nikasahau kuzitia mfukoni.

"Ni wewe."

"Ni mimi."

"Ni sumu?"

"Ni ya kufulia. Anayo Mangi, ila leo imemwishia."

"Umeitia humu, ikaingia mle."

"Ndiyo."

Nikaona jicho lake linatembea: shimoni, kwa mbuzi, kwenye ndoo ya sabuni, jikoni kwake. Wala sikuongeza neno. Mkishamwonyesha mtu kitu, vijana, fungeni midomo. Wengi wenu mnapoteza kazi hapo.

"Basi mbuzi naye ameingia," akasema.

"Kila ilipopita bluu, wamepita wengine."

Akamtazama Lomayani, aliyekuwa amelaza shavu mgongoni bila hata kushangaa rangi. Mtoto yeyote mzima angetaka kutia mkono. "Aisee," akasema Mama Aikande, na sauti ikawa nyingine. "Na mimi ndiye niliyekuwa nampelekea ndizi mbivu kila akiumwa." Kisha, kabla machozi hayajapata nafasi, akarudi kwenye mizani yake. "Haya, ziba. Lakini vijana wangu wataosha magari kwa mate?"

Hapo tukaanza biashara ya kweli, jumuiya nzima wakiwa mashahidi. Yeye alitaka koki nje. Nikakubali, yenye mita yake, na iwe mbali na bomba la wenzake. Mimi nikataka vijana waoshe kwa ndoo mbili na tambara, moja ya sabuni moja ya kusuuzia, si kumwagia gari kama wanazima moto. Akasema gari halitang'aa. Nikamwambia linang'azwa na mkono. Akataka mbuzi wabaki mahali pao, nikakataa, akakubali wahame wote isipokuwa dume, nikakataa hata dume. Maji ya sabuni tukayachimbia shimo lingine upande wa chini wa uwanja, tukalijaza kokoto na mchanga wa mtoni, mbali na bomba na mbali na mchicha. Oili ikapewa debe lake, isiguse ardhi. Naserian akaongeza la kwake: ndoo ya kwanza baada ya mgao isiwe ya kunywa kwa mtu yeyote, iwe ya kudekia. Na koki zifungwe maji yakikatika. Jirani mwenye jagi akauliza sasa watajuaje maji yamerudi. Akajibiwa kwamba Mama Aikande yuko nyumba ya kwanza, na sauti anayo.

Vijana wake wenyewe ndio walionisaidia kuchimba. Tulifunga maji barabarani, tukakata kipande kibovu, tukaweka kipya, soketi mbili, katani na rangi, nikakaza mpaka nikasikia kiuno. Tukakausha kisima na kukifukia, kibao kikaondolewa. Kisha tukafungua koki ya chini kabisa, kwa Naserian, tukaacha maji yaoshe bomba. Yakatoka bluu iliyopauka, yakatoka na kutu, yakatoka na unyoya ambao hakuna aliyeuliza ulikotoka, mwishowe yakatoka meupe. Kila tone tulilikinga kwenye mapipa kwa ajili ya kudekia. Kumwaga nisingeweza, hata kama ni ya kuoshea bomba.

Kichochoro kizima kilikuwa kimesimama pale. Naserian akachota kikombe, akanipa kwa mikono miwili.

"Kunywa, fundi."

Nikakitazama. Maji yalikuwa safi, yanameta.

"Yachemshe kwanza," nikasema.

Mngesikia kicheko. Mama Aikande alijishika kiuno. "Umenifukia kisima, umenipikia jumuiya ndizi za bluu, sasa hata wewe mwenyewe huyaamini?"

"Nayaamini kutoka soketi zangu mpaka hapa. Kutoka soketi zangu kwenda juu mpaka mlimani sijatembea."

Naserian hakucheka. Aliingia ndani, akawasha jiko la mkaa, akabandika sufuria. Tulikaa kwenye mawe tukingoja yachemke, kisha yapoe, na hakuna aliyeondoka. Lomayani akateremshwa, akapewa ya kwake. Alikunywa yote, akachungulia ndani ya kikombe, akamrudishia mama yake aongeze.

Niliendelea kupita kichochoro kile mara nyingi kukagua viungo vyangu. Mwanzoni mtoto alikuwa bado mgongoni. Baadaye nikamkuta amesimama mlangoni, ameshika nguzo. Mara ya mwisho Mama Aikande alinisimamisha njiani, hata salamu hakungoja. Akasema mtoto wa Naserian amekuwa na nguvu mno, anakimbiza mbuzi wake tangu asubuhi, hawali wala hawalali, na akataka kujua kama kuna koki yoyote ninayoweza kumfungia kidogo.